Reli Ilijengwa. Na Nani?

Maneno haya niliyasema Kigoma mjini, mbele ya walimu wa shule za msingi wanaofundisha Historia ya Tanzania na Maadili, tukiwa na wageni wachache kutoka Tabora. Waliobaki zamu shuleni siku ile wameniomba wayasome. Nayaweka kama yalivyotoka, pamoja na utani wake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, maafisa elimu mliopo, walimu wakuu, walimu wenzangu. Wakubwa zangu shikamooni. Vijana, hamjambo? Na kwa Kiha cha nyumbani: mwakeye!

Ahsanteni. Wageni wetu wa Tabora nawaona mnatazamana. Mtazoea, kama sisi tulivyozoea kuamkiwa "wangaluka" kila treni inapotushusha kwenu.

Niliagizwa nije na picha za kurusha ukutani. Nimekuja na kamba. Ndiyo hiyo hapo mezani, na kama walioketi mbele wanasikia harufu ya dagaa, wasimlaumu mpishi, ni hiyo kamba. Nilipewa na mvuvi mmoja kule mwaloni Kibirizi alipoona haifai tena kufungia mtumbwi. Nitaifikia. Kwanza nataka tufanye Kiswahili.

Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na minne: Kasulu, Uvinza, Ujiji, halafu Kasulu tena kumalizia. Miaka ya mwanzo historia niliifundisha kama nilivyofundishwa mimi. Naandika ubaoni, wananakili, nafuta, naandika tena. Nani humu hajawahi kufanya hivyo? Hakuna? Basi tuko nyumbani.

Nilipokuwa Uvinza, mwaka mmoja ratiba ilinipa Kiswahili na historia kwa darasa la tano lilelile, siku ileile. Kipindi cha kwanza, kauli ya kutenda na kauli ya kutendwa. Juma amevunja kikombe. Kikombe kimevunjwa na Juma. Watoto wakafurahi, wakavunja vikombe vya kijiji kizima. Kipindi cha tatu nikarudi na historia, nikaandika ubaoni: "Reli ya Kati ilijengwa." Kabla sijamaliza sentensi, mkono ukapanda.

"Mwalimu, hiyo ni kauli ya kutendwa. Mtenda yuko wapi?"

Mnajua vile mwalimu anavyojibu haraka ili kipindi kisimponyoke. Nikasema, "Wajerumani. Andikeni: reli ilijengwa na Wajerumani." Wakaandika. Lakini dawati la pili alikaa mtoto ambaye baba yake alikuwa kwenye genge la reli, wale wanaoshinda juani wakikaza mataruma na kusawazisha kokoto. Naye akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hao Wajerumani walikuwa wangapi? Baba anasema chuma kimoja cha reli hakiinuliwi na watu wawili."

Hebu nanyi mjibuni. Walikuwa wangapi? Reli ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, Kigoma hapa Februari 1914. Kilomita zaidi ya 1,200. Misitu ikafyekwa, tuta likainuliwa kwa majembe na makarai, vyuma vikapangwa kimoja baada ya kingine, kwenye mbung'o, kwenye mabwawa ya mto Malagarasi. Je, kazi hiyo yote waliifanya maafisa waliovaa kofia nyeupe?

Serikali ya Kijerumani iliamua. Kampuni ya Kijerumani ilipewa kazi. Wahandisi walipima. Na maelfu ya Waafrika, Wanyamwezi wengi wakiwemo, watu ambao babu zao walikuwa wapagazi wa misafara kwenye njia hiyohiyo, ndio walioinua vile vyuma. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuyashika yote hayo kwa mkupuo mmoja. Sisi ndio tunaoyapunguza mpaka linabaki neno moja.

Siku ile nikarudi nyumbani na daftari langu la maandalio, nikapiga mstari chini ya kila kitenzi chenye -wa. Walimu wenzangu, nendeni mkafanye hivyo leo jioni. Reli ilijengwa. Watumwa waliuzwa. Kodi ilitozwa. Vijiji vilianzishwa. Mwili wa Livingstone ulipelekwa Pwani. Historia yetu nzima imejaa vitu vilivyotendeka vyenyewe, kama mvua!

Chukueni huo mwili wa Livingstone. Sisi wa Kigoma kila mgeni tunampeleka Ujiji kwenye mwembe, tunamwambia hapa ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Mwembe wenyewe wa siku ile ulishakufa, iliyopo inasemwa kuwa ni uzao wake. Sawa. Lakini yule mzee alifariki Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, ambako leo ni Zambia. Mwili wake ukapelekwa Pwani. Ukapelekwa na nani? Na watumishi wake, Abdullah Susi na James Chuma, na wenzao wengi, wanaume kwa wanawake. Moyo wake wakauzika kulekule, mwili wakaukausha, wakaubeba kwa miguu. Wakapita nao Unyanyembe, hapo hapo kwenu Tabora, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Miezi tisa hivi njiani na maiti mabegani. Niliwahi kumuuliza mtoto wa darasa la sita, "Hapo nani shujaa?" Akafikiri, akasema, "Mwalimu, mimi nataka kujua walikula nini njiani." Swali zuri kuliko langu.

Haya, kamba.

Mtoto wa darasa la tatu ukimwambia 1871 umemwambia nini? Umemtajia namba. Kwake 1871, 1961 na siku baba yake alipooa, vyote ni "zamani". Mjukuu wangu aliwahi kuniuliza kama Livingstone nilimwona kwa macho. Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Halafu nikaona hana kosa, hakuna aliyempa pa kuupimia umbali.

Kwa hiyo nilipiga mafundo. Kila hatua moja, fundo. Kila fundo, miaka kumi. Tunatoka nje, mtoto mmoja anashika mwanzo, hapo ni leo. Mwenye miaka tisa anajitafuta: hajafika hata fundo la kwanza! Wanacheka. Bibi yako? Fundo la saba. Uhuru? La sita na kidogo. Reli kufika Kigoma? La kumi na moja. Stanley na Livingstone? Kumi na tano na nusu. Kila fundo nampa mtoto alishike, asimame hapo, aseme yeye ni nani. Hakuna gharama. Hakuna umeme. Kishikwambi kikiisha chaji, kamba haiishi.

Ila Uvinza kamba iliisha. Mnajua Uvinza kuna chemchemi za maji ya chumvi, na chumvi yake ililiwa Buha, Unyamwezi na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kabla hata ya habari za misafara ya Pwani. Wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua pale miaka ya 1960, wakakuta vigae na mabaki ya kuchemshia chumvi ya zaidi ya miaka elfu moja. Nikawaambia watoto: haya, twendeni mpaka kwa wachemsha chumvi wa kwanza. Mafundo kumi na sita yakaisha. Tukaendelea kwa hatua tukihesabu kwa sauti. Tukaupita mwembe wa shule, tukavipita vyoo, tukatoka nje ya uzio, tukafika barabarani, dereva wa lori akasimama kutushangaa. Hatua mia moja na bado tunaenda. Aliyekuwa mbele akasimama mbele ya genge la mama ntilie, akapaza sauti, "Mwalimu, hapa wanachemsha chumvi!"

Nikawaambia, geukeni. Mwangalieni mwenzenu aliyeshika fundo la Wajerumani. Wakamtafuta. Kumbe yuko kule mlangoni pa darasa, mdogo kama kuku. Mtoto mmoja wa kike akasema peke yake, hakuwa anamwambia mtu:

"Kumbe Wajerumani wamekuja juzi."

Nimesoma vyuo viwili vya ualimu, hakuna aliyewahi kunifundisha hilo.

Sasa niingie panapouma.

Walimu wa Ujiji mnajua ninakokwenda. Mji wetu ulikuwa kituo cha misafara. Pembe za ndovu na watu walitoka ng'ambo, Manyema, ambako leo ni Kongo, wakavushwa ziwa, wakapumzishwa Ujiji, wakashika njia ya Tabora hadi Bagamoyo. Leo ndani ya darasa lako la watoto tisini yupo kilembwe wa aliyefungwa mnyororo. Yupo kilembwe wa aliyeufunga. Yupo kilembwe wa mpagazi aliyebeba pembe kwa ujira wake mwenyewe. Na wengi wana damu ya wote hao kwa pamoja. Wanakaa dawati moja, wanaazimana kalamu. Wewe unaingia na chaki, unaandika kichwa cha somo: Biashara ya Utumwa. Umejiandaa?

Mimi sikujiandaa. Nilifundisha vizuri mno siku ile, ndilo tatizo. Nilichora minyororo ubaoni. Nilichora kongwa. Nilisimulia mpaka darasa likawa kimya, nikajisikia mwalimu hodari. Mapumziko yalipofika, wavulana watatu walimfunga mikono mtoto wa kike kwa mikono ya sweta, wakampitisha uwanjani wakimwimbia, mtumwa, mtumwa. Walimchagua yeye kwa sababu kwao wanajulikana ni Wamanyema. Na mmoja wa wavulana hao, nilikuja kujua baadaye, kwao ni Wamanyema vilevile, ila wa mtaa wa pili.

Asubuhi yake bibi yake yule binti alikuja. Hakwenda kwa mwalimu mkuu. Alikuja moja kwa moja mlangoni pangu, kajifunga kanga, ukili wake mkononi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Jana umemfundisha nini mjukuu wangu?"

"Historia, bibi."

"Amerudi nayo nyumbani. Imemkaa hapa." Akagusa vifundo vya mikono yake.

Nilikosa pa kuuweka uso. Nilimwomba radhi, nikamwomba aingie aseme na watoto. Akakataa, akaondoka. Nilikwenda kwao jioni ile, nikaenda na kesho yake. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, akaomba kiti, akakaa mbele ya darasa akiendelea kusuka ukili. Akawaambia habari za bibi wa mama yake. Kwamba alikuwa mdogo kama wao. Kwamba alitumwa maji na mama yake, hakurudi. Kwamba aliyajua majina ya mbuzi wa kwao mpaka anazeeka, na kila alipopika alikuwa akiyataja. Akawataja wale mbuzi, mmoja mmoja, kwa lugha ambayo hata yeye mwenyewe hakuwa anaielewa tena. Darasa likawa linarudia majina ya mbuzi. Halafu akanigeukia mimi, si watoto:

"Huyu hakuzaliwa mtumwa, mwalimu. Alizaliwa mtoto wa watu. Akatekwa."

Walimu wenzangu, toka siku hiyo ubaoni kwangu haliandikwi neno "watumwa" peke yake. Naandika "watu waliotekwa". Tena litazameni hilo neno mtumwa. Nalo ni kauli ya kutendwa: aliyetumwa. Na nani? Basi nawapa watoto kazi ya Kiswahili, wageuze iwe kauli ya kutenda, watafute watenda. Nani aliteka? Nani alinunua? Nani alisafirisha? Nani alifaidi mwishoni? Majibu hayaji ya rangi moja, na msiyalazimishe yawe ya rangi moja. Wamo wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili wa Pwani. Wamo watawala wa bara waliouza mateka wao wa vita. Wamo wenye mashamba ya karafuu Unguja na Pemba. Wamo watu wa Ulaya na Marekani ambao hawakuwahi kukanyaga hapa, ila walitaka pembe za ndovu za kutengenezea vitufe vya piano. Wavulana wale watatu walipokuwa wanapanga hiyo orodha hakuna aliyeimba.

Na tukarudi kwenye kamba. Niliwauliza, utumwa ulifutwa na sheria lini hapa Tanganyika? Wote wakakimbilia mbali, fundo la kumi na tano, la kumi na sita. Hapana, rudini. Wajerumani waliitawala nchi hii miongo mitatu hivi bila kuufuta. Ulifutwa mwaka 1922, chini ya Waingereza. Kwa hesabu ya leo ni fundo la kumi tu. Mtoto akatazama fundo la bibi yake lilipo, la saba, akatazama la kumi. Hatua tatu.

Niseme na hili kwa haraka, kwa sababu nililikosea pia. Msimlazimishe mtoto alete habari za kwao. Mkoa wetu umepokea watu waliokimbia Burundi 1972, tena 1993, waliokimbia Kongo 1996, na hawakuacha kuja. Niliwahi kutoa kazi ya nyumbani, "Muulize babu yako alitoka wapi", na mtoto mmoja hakuzungumza siku mbili. Siku hizi nasema: ulize habari ya kitu chochote cha zamani kilichopo nyumbani. Anayetaka kuleta babu ataleta babu. Wengine wameniletea kadi ya TANU, senti kumi yenye tundu, pasi ya mkaa, na mmoja alileta jino la kiboko ambalo nilimrudisha nalo mbio kabla askari wa wanyamapori hawajasikia.

Mnasema, mwalimu, hayo ni masimulizi, na masimulizi yana uongo. Kweli yana uongo! Ndiyo maana yanafaa. Nawapa mfano wa meli ya Liemba.

Kila mtoto wa Kigoma anaijua Liemba hata kama hajaipanda. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, kwa treni mpaka hapa, ikaungwa upya, ikaingizwa majini Februari 1915. Julai 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, maadui walipokaribia, Wajerumani wakaizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Waingereza wakaiopoa 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

Nikafundisha hivyo. Kesho yake mtoto akaja amevimba. "Babu yangu mvuvi. Amesema Waingereza ndio walioizamisha, kwa bomu."

Mwalimu wa zamani ndani yangu alitaka kusema babu amekosea, fungua ukurasa wa kumi na nane. Nikajizuia. Nikauliza darasa: babu amejuaje? Kitabu kimejuaje? Tutawaamuaje? Wakakaa kimya. Nikaongeza jambo moja: walioiopoa walikuta mitambo imepakwa grisi nzito kila mahali. Nikakaa kimya na mimi. Jamani, kukaa kimya ndiyo kazi ngumu kuliko zote katika ualimu.

Yule yule mjukuu wa mvuvi ndiye aliyenyoosha mkono, kwa shingo upande. "Anayepiga bomu hapaki grisi. Aliyepaka grisi alitaka kurudi kuichukua."

Mtoto wa miaka kumi na moja! Amemsahihisha babu yake bila kumvunjia heshima, na amekikubali kitabu kwa sababu yake mwenyewe. Mkimfundisha mtoto kuuliza "umejuaje?" jueni atakuulizeni na ninyi. Mimi niliulizwa mara nyingi, na mara nyingine sikuwa na jibu zaidi ya "nilisoma mahali".

Bado moja, halafu chai.

Niliporudi Kasulu kumalizia utumishi, nilitoa swali: "Hapa kijijini wazee wenu walifikaje?" Nilijua jibu. Kigoma tulikuwa miongoni mwa mikoa iliyotangulia kuhamia vijijini mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima. Mtoto mmoja akaleta daftari. Ameandika mistari miwili:

"Babu alisema tulihamishwa."

"Bibi alisema tulihama."

Nyumba moja. Kitanda kimoja, nadhani! Akaniuliza, "Mwalimu, la kunakili lipi?"

Ningekuwa mwalimu wa miaka ya mwanzo ningechagua. Mimi ni mtoto wa Mwalimu Nyerere, nimeimba nyimbo zake kabla sijajua kusoma, shule iliyonitoa ujinga ilijengwa na wazazi wangu kwa kujitolea. Ningemwambia nakili la bibi. Na rafiki yangu mmoja, ambaye kwao walichomewa nyumba ili wasirudi, angemwambia nakili la babu. Nilimwambia, "Nakili yote mawili, na umtaje kila aliyesema. Halafu rudi ukawaulize kwa nini."

Akarudi wiki iliyofuata. Babu aliacha migomba aliyoipanda baba yake, akaonyeshwa kipande cha ardhi chenye mawe. Bibi alikuwa akichota maji mwendo wa saa nzima, akahamia penye kisima na zahanati, na binti zake wakaenda shule. Wote wawili wanasema kweli. Tofauti yao ni viambishi viwili, na somo la mwezi mzima limo ndani ya viambishi hivyo.

Wageni wa Tabora, na ninyi mnalo lenu. Mtemi Mirambo wa Urambo, aliyefariki 1884, ni shujaa? Muulizeni mzee ambaye kijiji chao rugaruga, askari wake, walikipitia usiku. Mtemi Isike wa Unyanyembe alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 asitekwe na Wajerumani. Shujaa. Na hao mashujaa wawili walikuwa mahasimu. Mtoto hatachanganyikiwa mkimwambia. Atachanganyikiwa akija kujua mlimficha. Somo letu linaitwa Historia na Maadili, nami nalipenda jina hilo, ila nawaomba maadili yasitangulie kufika darasani na kukikalia kiti cha historia.

Nasikia mnong'ono huko nyuma, nao naujua: mtihani je?

Nitasema ukweli. Mwaka wa kwanza wa kamba, darasa langu halikulizidi la mkondo wa B. Mwalimu wa taaluma aliniita, akaniuliza kwa upole kama nahitaji mapumziko. Nilipoyapitia madaftari ya watoto nikaona kosa langu: tulitembea sana, tuliongea sana, hatukuandika. Mtoto alijua reli ilifika lini kwa miguu yake, ila hakuwahi kuiandika 1914 kwa mkono wake. Toka hapo kila tukirudi ndani, dakika kumi na tano, kila mtu anaandika mistari mitano: nini, lini, nani alitenda, nani alitendewa, nimejuaje. Mistari mitano tu, kwa sababu madaftari tisini ni madaftari tisini, nami nina macho mawili.

Basi. Baada ya chai naomba watu kumi na saba tutoke hapo nje, ili wale ambao hawajawahi kuishika hii kamba waishike. Mwanzoni asimame mwalimu aliyeajiriwa mwaka huu. Mimi niacheni fundo la sita na nusu, ndipo nilipozaliwa. Anayetoka Uvinza ajiandae kwenda barabarani kuwatafuta wachemsha chumvi. Na mwalimu wa Tabora uliyekuwa unaziba pua tangu nianze kuongea, wewe nimekuwekea fundo la 1871. Ndilo linalonuka zaidi.